Wake wawili wa Pujini

Chake Chake, Jumapili usiku

Leo nimekaa kutazama ni nani hasa anayesikiliza hizi hadithi zangu. TikTok inanambia ni wengi. WhatsApp ni wachache, lakini hao nawajua mpaka vikohozi vyao.

Ninayoisimulia sasa ni ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini, hapa Pemba, anayesemwa kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Magofu yake yako hapa karibu, kilomita kama 10 tu. Mimi nimeshikilia kisima. Wazee wanasema alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, basi akakigawa kisima kwa ukuta: mmoja ateke kwa ndoo na kamba, mwengine ateremke ngazi, wasionane. Msimuliaji akipewa kitu kama hicho, ataomba nini tena?

Kwenye vidio naanza na ngazi na ndoo moja kwa moja. "Paukwa" nimeiacha, kwa sababu hakuna wa kuitikia "pakawa", kidole kishapita. Wako wanaolalamika kwamba tunaiua hadithi. Mimi silalamiki. Bibi yangu naye, akituona tunasinzia, alikuwa akiruka maelezo yote na kumtoa zimwi mapema.

Mzee aliyenihadithia nilimuomba nimrekodi. Sauti alikubali, uso akakataa katakata. Nikairekodi mikono yake akisuka pakacha, na vidio hiyo imetazamwa kuliko zote zenye sura yangu. Sijui nifurahi au ninune.

Lakini hadithi yenyewe inakua WhatsApp. Nina orodha ya matangazo (broadcast list), yaani natuma mara moja na kila mtu anapokea peke yake, na ujumbe wa orodha haumfikii mtu asiyeihifadhi namba yako. Wenzangu wanaona ni kikwazo. Mimi napenda hivyo, maana aliyeihifadhi kanikaribisha mwenyewe. Baada ya isha, watu wameshakula, natuma sauti ya dakika chache. Sauti haili bando kama vidio, na mama anaweza kuisikiliza huku anaosha vyombo. Nakata pale mke wa kwenye ngazi anapomsikia mwenzake akiimba ng'ambo ya ukuta. Kisha nauliza: alimjibu nini?

Asubuhi nakuta majibu. Mama mmoja wa Konde kanitumia sauti ndefu kuliko yangu: "Mwanangu, hao hawakuwa na ugomvi. Mwenye ugomvi ni huyo aliyejenga ukuta." Sehemu ya pili yote imetoka hapo, na nimemtaja kuwa ni mama wa Konde, kwa idhini yake. Tangu siku ile watu wa Konde wananisikiliza kama wana hisa. Wanawatumia ndugu zao Maskati na Mombasa, nao wanarudisha toleo la bibi zao, ambalo kisima kina maji ya chumvi upande mmoja.

Rafiki yangu wa Unguja ananisisitiza nitume kila siku, tena niweke muziki unaovuma. Kila siku ni kazi ya redio, na redio ina mshahara! Ananikumbusha pia YouTube: kwa vidio ndefu, ili ugawiwe pesa za matangazo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Pesa siikatai. Ila nikianza kuhesabu saa nitairefusha hadithi pasipo haja, na Wapemba wakichoshwa hawakwambii, wananyamaza tu.

Kesho lazima niamue kama ukuta unaanguka. Wengi wanataka uanguke. Akina mama wa Wete wamekataa: ukianguka, wanasema, Mkama Ndume atajenga mwengine, na mawe watabeba wale wale.