Sapar: wiki mbili Kirgizia na maneno ya kwetu mfukoni

Nilipowaambia watu kazini naenda Kirgizia mmoja akaniuliza ni mkoa gani wa Uturuki, mwingine akadhani nimepata kazi nje namficha. Mama yangu Tanga ndo aliuliza la maana, "sasa huko utasema nao kwa lugha gani mwanangu?" Nikamjibu simu itatafsiri. Simu yenyewe ilizima chaji nikielekea mlimani, hivo jibu la swali la mama lilitoka kwingine kabisa.

Kwa asiyeijua, ni nchi ya katikati ya Asia, imebanwa na Kazakhstan, Uzbekistan, Tajikistan na China, bahari haina, watu kama milioni 7 tu, ilikuwa ndani ya Sovieti mpaka 1991. Kwa ukubwa ni kama moja ya tano ya Tanzania ila karibu yote imesimama wima, zaidi ya asilimia 90 ya nchi iko juu ya mita 1500. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyezoea kupanda ngazi za ghorofa ya pili tu, huko nilikuwa nahema nikifunga kamba za viatu.

Nilienda mwezi wa saba, nikapita Dubai, nikashukia Bishkek, peke yangu bila kampuni ya utalii wala mwongozaji. Kirusi sijui, Kikirgizi sijui, na Kiingereza ukitoka nje ya mji mkuu unabaki nacho mwenyewe.

Siku ya kwanza nikagundua sijabeba sabuni. Nikaenda soko la Osh, soko kubwa la pale Bishkek, yaani Kariakoo ya huko, milima ya viungo na matunda makavu na watu wanasukumana na mikokoteni. Nikasimama kwenye kibanda cha mama mmoja nikaanza kuigiza, nasugua mikono, najipaka mwilini, mama ananiangalia kama mgonjwa. Mwisho akasema, "Samyn?" Na mimi mdomo ukanitoka wenyewe, "Sabuni!" Tukatazamana. Akarudia samyn, nikarudia sabuni, akacheka mpaka akamwita jirani yake aje asikie.

Usiku nikakaa na simu nikaanza kuchimba, na haki ya Mungu sikulala mapema. Kumbe wao wamekopa Kiarabu na Kiajemi kama sisi tulivyokopa, wao kwa njia za misafara ya ngamia sisi kwa majahazi, halafu kila mtu akaenda kuyapika kwake. Kitabu kwao ni kitep. Akili ni akyl. Sanduku, sandyk. Dunia, düynö. Wakati, ubakyt, na saa ni saat. Habari wanasema kabar, tena shirika lao la habari la serikali linaitwa hivohivo Kabar. Bahati kwao ni bakyt, ila wao wanamaanisha zaidi furaha. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba wale wazee wao herufi ya f ilikuwa haiwapandi ulimini, wakaigeuza p, kwahiyo faida ni paida na fikra ni pikir. Nikaandika yote kwenye notibuku ya karatasi, na hiyo notibuku ndo ilikuja kuniokoa.

Na sijasema chakula bado. Samsa ni sambusa, ila inabandikwa ukutani mwa tanuru la udongo badala ya kukaangwa, nyama ya kondoo na vitunguu, ukiing'ata kizembe mafuta yanakushukia mpaka kwenye kiwiko. Paloo ni pilau, karoti nyingi, viungo vichache, samahanini ndugu zangu ila ya Tanga inaishinda. Chai ni chai. Kuna chakula kinaitwa oromo, nilipokiona kwenye menyu nikadhani kuna Mhabeshi kafungua mgahawa, kumbe ni chapati nyembamba ya unga mbichi wanaweka nyama na viazi, wanaviringisha kama mkeka halafu wanaipika kwa mvuke.

Usafiri sasa. Daladala ya huko inaitwa marshrutka, na za safari ndefu nyingi ni Mercedes Sprinter zilizochoka. Haina ratiba, inajaa inaondoka, unajisikia upo nyumbani. Tofauti ni kwamba konda hakuna! Nauli unampa wa mbele yako, naye anampa wa mbele yake, chenji inarudi mkono kwa mkono mpaka kwako, na dereva anahesabu noti huku anakata kona. Ukitaka kushuka unapaza sauti "toktotup koyunguz" na dereva unamwita baike, ambayo ni kaka mkubwa. Mwanamke aliyekuzidi unamwita eje, na mtu mzima kabisa, wa rika la mama, unamwita apa. Nilipolijua hilo mambo yakanyooka manake hata kwetu ukimwita mtu kwa jina lake kavu unaangaliwa vibaya.

Kutoka Bishkek mpaka Karakol ni kama kilomita 400, tulitumia masaa saba na kitu na kusimama kula samaki njiani. Barabara inafuata ziwa Issyk-Kul, na hapo inabidi ninyamaze kidogo. Ziwa lina urefu wa kama kilomita 180, kina mita 668, liko mita 1600 juu, na huku kwenye baridi zote zile haligandi, jina lenyewe maana yake ziwa lenye joto. Maji yana chumvi kidogo. Niliyaonja nikakumbuka Raskazone, baharini kwetu Tanga, nikataka kulia, safari ilikuwa ina siku tatu tu jamani!

Karakol mji wenyewe mtulivu, miti mirefu, nyumba za mbao zenye madirisha ya bluu. Kuna msikiti wa Wadungani uliojengwa 1907 mpaka 1910, wote mbao, wanasema hauna msumari hata mmoja, na ukiuona utaapa ni hekalu la Kichina, paa limeinuka pembeni, rangi nyekundu, njano na kijani. Wadungani ni Waislamu wa China waliokimbia vita karne ya 19 wakavuka milima ile. Nikavaa mtandio nikamsalimia mzee wa mlangoni Assalamu alaykum, akaitikia yote mpaka wabarakatuh, halafu akaniuliza kitu kirefu nisielewe neno. Nikamwonyesha notibuku. Akavaa miwani akaanza kusoma moja moja, kila akilipata neno la kwao anagonga karatasi kwa kidole. Wadungani hao hao ndo wana ashlan-fu, tambi za baridi kwenye supu ya siki na pilipili na vipande vya kitu kama jeli ya wanga, nilikula kila siku.

Kusini mwa ziwa napita haraka, nilikaa siku mbili Bokonbaevo nikafua nguo, nikalala. Kutoka hapo kwenda Kochkor hakuna gari la moja kwa moja nililoliona, ikabidi teksi ya watu wanne mpaka Balykchy nibadilishe. Na hapo ndo nikapigwa. Dereva mmoja kanihesabia hela ya gari zima, mimi nikadhani ni ya siti, nikalipa, halafu njiani akaokota watu wengine watatu na kila mmoja akalipa ya kwake. Nikakasirika ila nitagombana kwa lugha gani? Nilichoweza kusema ni "Baike, akyl! Bakyt jok!" yaani kaka, akili, furaha hakuna. Gari zima likaangua kicheko, abiria mmoja mama mtu mzima akamgeukia dereva akamsema mpaka akanirudishia som 300, som ndo hela ya huko. Sio zote, ila nilizipokea kwa heshima zote.

Kochkor ndo mlango wa kwenda Song-Köl, ziwa lililo juu milimani, na hapo ndo simu ikafa, waya wa chaji ulikatika ndani na duka lililokuwa na wa aina yangu lilikuwa limefungwa. Nikaenda hivohivo, gari mpaka mwisho wa njia halafu farasi siku moja na nusu na kijana wa kuniongoza. Sitaielezea ile safari ya farasi, waliowahi kupanda farasi mara ya kwanza kwa masaa sita wanajua maumivu yanakaa wapi.

Song-Köl iko mita 3016. Hakuna mti. Hata mmoja. Majani tu, na ziwa, na farasi wamezagaa kama punje za kunde kwenye mkeka, na mahema meupe ya duara wanayoita boz üy. Wafugaji wanapanda huko kuanzia mwezi wa sita, wa tisa wanashuka kabla baridi haijawafungia. Kuni hazipo, wanachoma mavi makavu ya ng'ombe kwenye jiko la bati na hema linapata joto vizuri tu. Ukilala chali unaona tundu la juu lenye fito zilizopishana, ndo lile lililo katikati ya jua kwenye bendera yao. Bendera yenyewe waliibadilisha mwisho wa 2023, wakanyoosha miale ya jua kwasababu watu walisema ile ya zamani inafanana na ua la alizeti, mimi nilishindwa kuona tofauti mpaka nilipoonyeshwa.

Nilifikia kwa apa mmoja, miaka sitini na kitu, meno mawili ya dhahabu, anaishi na mwanae na mkwe na wajukuu. Akanikalisha upande unaotazamana na mlango, ambao ni wa mgeni. Mkate ukitua mezani chini juu anaugeuza haraka. Chai anamimina nusu bakuli, nusu, nusu, mwanzo nikaona mkono mgumu huu, kumbe ukijaziwa bakuli mpaka juu ndo unaambiwa kunywa uondoke. Tukimaliza kula viganja vinafunguliwa, omin, vinapitishwa usoni, na mimi nikafanya bila kufundishwa. Hapo akanishika shavu.

Asubuhi nikamfuata mkwe wake kukamua farasi. Watoto wa farasi wamefungwa kwenye kamba ndefu chini, mama zao wanazunguka karibu. Anamfungua mtoto mmoja, anamwacha anyonye kidogo tu maziwa yashuke, halafu mjukuu mmoja wa pale nyumbani anamvuta pembeni lakini hampeleki mbali, anamwacha kichwa kimegusa ubavu wa mama yake. Dada anapiga goti moja, ndoo iko juu ya paja la pili, mkono mmoja anauzungusha nyuma ya mguu wa farasi, anakamua haraka haraka dakika moja na nusu imeisha. Kidogo sana kinatoka. Baada ya masaa mawili anarudia tena, mchana kutwa. Maziwa yanamiminwa kwenye chombo kilichofukizwa moshi kama Wamasai wanavyofukiza vibuyu vyao, yanapigwapigwa na mti, na mti huo wanauita bishkek, ndo wanasema jina la mji lilitoka hapo. Yakichacha ni kumis. Ladha ni mtindi mwembamba, moshi, na kitu kinachochomachoma ulimi. Nikamuuliza apa kwa ishara kama inalewesha, akakunja kidole gumba na cha shahada vikabaki karibu kugusana, kidogo hivi, halafu akaninywesha bakuli la pili. Mungu atanisamehe, nlikuwa mgeni.

Jioni ya mwisho upepo ulikuwa mkali tukajifungia ndani, mafuta ya taa kidogo, watoto wanalala mmoja baada ya mwingine. Nikatoa notibuku. Apa hasomi haraka kwahiyo nikawa nasoma mimi kwa Kiswahili yeye anajibu kwa chake. Dunia. Düynö. Saa. Saat. Elimu. Ilim. Shetani, akatema mate pembeni kwanza, shaytan. Karatasi ikaisha. Akaninyooshea kidole, akaonyesha begi langu, akatembeza vidole viwili juu ya zulia kama mtu anayekwenda mbali, akasema polepole, "Sapar."

Nikamwambia arudie.

"Sapar."

F na p. Neno ambalo Wazungu wamelibeba kila kona ya dunia wakidhani maana yake ni simba na gari lisilo na paa, limekaa mita elfu tatu juu kwa bibi mwenye meno ya dhahabu, na maana yake ni ileile tunayoitumia kituo cha mabasi. Nikamwambia safari. Akajaribu, akashindwa, "sapari". Basi usiku mzima akawa ananiita hivo, hata maji ananiletea, "Sapari, suu."

Kesho yake akanifungia kwenye kitambaa vidonge vyeupe vigumu vya kurut, ni mtindi uliochujwa, ukatiwa chumvi, ukaviringwa na kukaushwa juani. Nikavibeba Kochkor, Bishkek, Dubai, Dar, basi la Tanga. Nikamwekea mama kwenye sahani sebuleni. Akachukua kimoja, akakigeuza, akakinusa, akagonga nacho meza. Akakilamba kwa ncha ya ulimi.

"Mwanangu," akasema, "umetoka Asia yote hiyo kuniletea sabuni?"