Kinasa sauti cha bei nafuu: hela isiishie kwenye mashine

Ukiwa na dola 150 za kununulia kinasa sauti, usinunue cha dola 150. Tafuta cha dola 100 au chini yake, kisha chenji igawe: maiki ndogo ya kubana kifuani, kadi isiyo feki, betri za kuchaji na manyoya ya kuzuia upepo. Utapata sauti safi kuliko aliyemaliza hela yote kwenye mashine, akaiweka katikati ya meza huku pangaboi likizunguka juu yake.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Kila ukipunguza nusu ya umbali kati ya maiki na mdomo, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6, na kelele ya chumba inabaki palepale. Kutoka mita moja hadi sentimita 25 umeshapata desibeli 12 za bure. Hakuna kinasa sauti cha bei ya kawaida kitakachokupa hizo kwa ubora wake peke yake. Na Dar kelele hatutafuti, zinatufuata: bodaboda, jenereta la jirani, spika ya duka la mtaa wa pili, kunguru wanaoanza kugombana hata jua halijatoka.

Simu je? Kwa mahojiano ya dakika kumi inatosha, mradi uiweke kwenye hali ya ndegeni. Simu ikiingia katikati, programu nyingi hukata kurekodi bila hata kukuaga. Kwa muziki simu inachosha zaidi, kwa sababu hupandisha penye utulivu na kushusha penye kishindo yenyewe. Ngoma ikipiga, sauti za waimbaji zinazama, kisha zinaibuka tena polepole. Hilo hulirekebishi baadaye.

Sasa mashine zenyewe. Kama kazi yako ni mahojiano tu, kuandika habari au kurekodi vikao, Sony ICD-PX470 inakutosha na bei yake iko chini kabisa ya kundi hili. Ina GB 4 ndani, inapokea kadi, na plagi ya USB imejificha kwenye mwili wake, kwa hiyo hutafuti waya. Kwa muziki usiitegemee.

Ukitaka mashine moja ifanye yote mawili, chaguo halisi ni Tascam DR-05X au mojawapo ya Zoom ndogo, H1n na H1essential. Tofauti yao kubwa ni maiki. Za DR-05X hupokea sauti kutoka pande zote. Hapo kwaya au kikundi kilichokaa duara kinasikika kwa upana wake, ila na jenereta la nyuma nalo linaingia. Maiki za Zoom zimepishana kwa nyuzi 90 na husikia zaidi cha mbele. Kwa uswahilini ningechukua za namna hii. Halafu kuna suala la kadi: H1n mwisho wake ni GB 32, DR-05X inafika GB 128, H1essential inakwenda hadi TB 1.

H1essential ilitoka 2024, na Marekani ilianza kuuzwa dola 99.99. Inarekodi kwa biti 32 za floti, maana yake huna haja ya kupanga levo, yaani nguvu ya sauti inayoingia. Ukirekodi chini sana au juu sana, unarekebisha kwenye kompyuta bila sauti kupasuka. Kwa anayefanya kazi peke yake, anayeuliza maswali na kusimamia mashine papo hapo, huo ni msaada mkubwa. Ila wauzaji wanaunadi kama uchawi, na si uchawi. Maiki zenyewe zina mwisho wa desibeli 120, kwa hiyo ukiiweka mbele ya spika za singeli, sauti inapasukia kwenye maiki kabla haijafika kwenye hizo biti. Pili, faili ni kubwa: saa moja ya stirio kwa kHz 48 hula takriban GB 1.4. Kwa biti 24 ni kama GB 1, na WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya kawaida ya biti 16 na kHz 44.1 ni takriban MB 635. Tatu, programu za zamani za kompyuta hukataa kufungua faili hizo. Kabla ya kumtumia mtu wa redio, zigeuze kwanza. MP3 ya kbps 128 ni MB 58 hivi kwa saa, na bando lako litashukuru.

Ukihitaji kuchomeka maiki kubwa za waya wa XLR, ile plagi nene ya pini tatu, panda ngazi: Tascam DR-40X au Zoom H4essential, ambayo nayo ilitoka 2024 kwa dola 199.99. Hizi zina tundu za XLR na hutoa volti 48 kwa maiki za kondensa, zile zisizofanya kazi bila umeme. Hizo ndogo hazina umeme huo, hutoa volti chache tu kwenye jeki ya milimita 3.5, zinazotosha maiki ya kifuani. Ndiyo maana mtu huchomeka maiki ya kondensa ya studio kwenye H1n kwa adapta akaishia kusikia kimya, akadhani kauziwa mbovu. DR-40X ina jambo moja ninalolipenda: hurekodi faili mbili kwa pamoja, moja ikiwa chini kwa desibeli kadhaa. Ya juu ikipasuka, unachukua ya chini.

Bei za dukani zinafuata dola, kwa hiyo sitaandika shilingi hapa. Ukiagiza nje mwenyewe, kumbuka nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18, usije ukashangilia bei ya mtandaoni halafu mzigo ukakushinda kuutoa.

Ukienda Kariakoo kununua, hasa kilichokwishatumika, beba vitu vitatu: kadi yako, betri mpya, na hedifoni za waya. Fomati kadi ndani ya mashine yenyewe. Ikikataa hapo hapo, ama tundu la kadi limekufa ama kadi ni kubwa kuliko inayoruhusiwa. Halafu gonga vidole upande wa kushoto, kisha wa kulia, sikiliza kama pande zote mbili zipo. Pandisha levo hadi mwisho, izungushie mashine nguo nzito, uiweke ndani ya begi, rekodi dakika mbili. Dukani hakuna kimya, lakini ndani ya begi utasikia kama kuna mlio wa kupasukapasuka, ambao mara nyingi ni unyevu ulioingia kwenye maiki au nyaya zilizolegea. Mchakacho wa kawaida kama mvua ya mbali usikutishe; mashine zote za bei hii zinao levo ikiwa mwisho. Chomeka hedifoni, zungusha jeki taratibu. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limechoka. Mwisho fungua mlango wa betri uangalie vyuma. Vikiwa na kutu ya kijani, betri zilivujia humo, na kwa joto na chumvi ya Dar kutu hiyo husambaa hadi kwenye bodi. Dai risiti ya EFD hata kama muuzaji anakupa lugha tamu.

Kadi ndiyo inayoua kazi za watu. Kadi feki imeandikwa GB 64 lakini ndani ina GB 8. Inakubali kurekodi vizuri siku ya kwanza, ikijaa hizo 8 inaendelea kujifanya inaandika, na faili zote za baada ya hapo zinakuwa takataka. Kabla ya kuitumia ijaribu kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huijaza kadi yote kisha huisoma tena. Inachukua saa nzima au zaidi. Iache ifanye.

Betri za bei ya chini kabisa za dukani, zile za zinki na kaboni, usiziweke hata kwa dharura kama tukio ni refu. Volti zake huporomoka haraka na mashine hujizima katikati. Nunua alkalini au za kuchaji za NiMH, na za kuchaji zikiwemo ingia kwenye menyu uiambie mashine ni za aina gani, la sivyo alama ya chaji itakudanganya. Umeme wa pawabanki ni msafi kuliko wa chaja ya ukutani, ambayo nyingi huleta mvumo. Tatizo ni kwamba pawabanki nyingi huona kinasa sauti kinavuta umeme kidogo mno, zikadhani hakuna kitu kimechomekwa, zikajizima baada ya dakika chache. Ijaribu nyumbani nusu saa nzima, na betri uziache ndani ya mashine.

Mahojiano. Zima feni na kiyoyozi, funga dirisha, kaeni kwenye chumba chenye mapazia, makochi au godoro. Sebule ya malumalu tupu inarudisha mwangwi hata ukutani ukitundika vitenge vitatu. Pakikosekana mahali kabisa, gari lililoegeshwa, vioo juu na AC imezimwa, ni studio nzuri, ila dakika kumi tu mtalowa jasho.

Maiki ya kifuani ibanwe shibiri moja chini ya kidevu. Aliyevaa ushungi, usiipitishe ndani. Kitambaa kitasugua maiki kila akigeuza shingo na utasikia kama mtu anatembea kwenye majani makavu. Ibane nje, kwenye ukingo wa ushungi unaoangukia kifuani, mbali na mkufu, halafu waya uupige kitanzi kidogo chini ya kibanio ili ukivutwa usitikise maiki. Kabla hujainunua hesabu mistari myeusi kwenye jeki. Yenye mistari mitatu ni ya simu, na kwenye kinasa sauti mara nyingi husikiki au unasikika kwa mbali na mvumo. Unataka yenye mistari miwili. Ukitaka maiki mbili, yako na ya mgeni, uliza waya unaopeleka moja kushoto na nyingine kulia. Ule wa kugawia hedifoni, unaouzwa kila kona, utazichanganya zote pamoja na hutaweza kuzitenganisha.

Levo: mgeni aongee kawaida, upange hadi vilele vya sauti kwenye skrini vifike kama desibeli hasi 12. Akicheka atapanda, na nafasi ipo. Zima upangaji wa levo wa kujiendesha, maana kila akinyamaza kufikiri, mashine inapandisha feni na barabara ya nje. Kata sauti nzito chini ya Hz 80. Simu zote zikae mbali angalau mita moja, kwani simu ikishika 2G hupenyeza ule mlio wa di-di-di-di kwenye waya, na hauondoki.

Halafu kuna kosa linalowapata hata wazoefu. Kwenye DR-05X ukibonyeza kitufe chekundu mara ya kwanza, taa inawakawaka tu: mashine inasubiri. Lazima ubonyeze tena. H1n inaanza kwa mara moja. Mtu aliyezoea H1n akiazima DR-05X anarudi mikono mitupu. Angalia sekunde kama zinatembea, basi.

Nje, sponji inayokuja na mashine ni ya kuzuia pumzi ya mdomo. Coco Beach jioni, upepo unapovuma kutoka baharini, haifui dafu. Unahitaji manyoya. Fundi cherehani anaweza kukushonea kwa kitambaa cha manyoya marefu, kile cha midoli, urefu wa sentimita 2 au 3. Kabla ya kununua, weka mgongo wa kitambaa mdomoni upulize: pumzi isipopita, sauti nyembamba nazo hazitapita, kila kitu kitasikika kama kimefunikwa blanketi.

Kwa muziki usiishike mkononi. Funga kwenye stendi ya kamera, skrubu yake ni ileile. Kwaya, simama mita 2 hadi 3 mbele, mashine iwe juu kidogo ya vichwa vya safu ya mbele, ikielekezwa safu ya nyuma. Ngoma, rudi nyuma zaidi na ushushe levo kabla hazijaanza, kwa sababu mpigaji akiwa anajaribu hapigi kwa nguvu ya kweli. Taarabu yenye ala za kanuni na udi bila vipaza sauti inataka ukaribu, mita moja na nusu hivi.

Palipo na mixa, mwombe fundi mitambo akupe tundu la kurekodia, si la spika kuu, na kwenye kinasa sauti zima ule umeme mdogo wa jeki. Usitumie adapta ya kutoka XLR moja kwenda jeki ndogo ya stirio. Upande wa kushoto na wa kulia utakuwa na sauti ileile iliyogeuzwa kinyume. Kwenye hedifoni inasikika kiajabuajabu lakini ipo, ila ukiicheza kwenye simu ya spika moja pande hizo zinafutana na mwimbaji anatoweka. Na ukumbi mdogo mixa hubeba waimbaji na kinanda tu, dramu hazina maiki. Kwa hiyo chukua ya mixa, na simu au kinasa sauti cha pili kisimame ukumbini, kisha uzichanganye nyumbani. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya maiki ya jukwaani, ili baadaye uzioanishe kwa kilele hicho.

Ukimaliza, nakili faili sehemu mbili kabla ya kufomati kadi. Mashine iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na betri zitolewe.