Yasmin wa kwenye desa na Yasmin wa kwenye kitabu

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, kombi ya HKL (Histori, Kiswahili na Inglishi) kama niliyosoma mimi, pepa lao ni Mei na sahivi yuko nyumbani likizo. Juzi usiku nimepita chumbani kwake namkuta kashika desa, yaani zile notsi fupi za kukariri, la uchambuzi wa riwaya ya Vuta N'kuvute, limetolewa kopi juu ya kopi mpaka maandishi yamefifia, anatembea huku na huku anakariri habari za mhusika mkuu, Yasmin ni mhanga wa ndoa ya kulazimishwa, Yasmin ni mhanga wa ndoa ya kulazimishwa. Moyo ukanipiga paa. Nikamuuliza kitabu chenyewe umekisoma? Akanijibu, dada muda uko wapi, vitabu vyote vile, na Histori inanisubiri na Inglishi inanisubiri. Sikumgombeza, mana na mimi nilikuwa hivohivo, ila nilikaa naye kitandani mpaka saa sita nikamsimulia, na haya naandika kwa ajili ya wengine mnaopambana na Kiswahili 2, pepa la fasihi, mwaka huu.

Mimi nilikariri desa hilohilo karibu lote. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, ukinigusa tu namwaga. Moko, mtihani wa majaribio, ikaja, swali la riwaya likawa kama hivi: mwanamke amechorwa kama kiumbe dhaifu asiye na uamuzi, jadili. Nikaona hili ndo langu, nikaandika kurasa nne za Yasmin kuolewa na mzee Raza aliyemzidi umri mbali kabisa, Yasmin kulia, Yasmin kuonewa, basi. Karatasi ikarudi na maksi ambazo sikuwahi kupata tangu fomu one, na pembeni madam kaandika kwa peni nyekundu: huyu Yasmin alikaa kwa Raza mpaka mwisho wa riwaya? Sikuwa na jibu. Yaani sikujua. Nimeandika kurasa nne za mtu ambaye simjui alikoishia.

Darasani kwetu nakala za Vuta N'kuvute zilikuwa chache, nikaomba zamu, nikakipata siku ya Ijumaa na mpaka Jumapili jioni nilikuwa nimekimaliza, sikwenda hata kufua. Yasmin wa Shafi Adam Shafi hakukaa kwa Raza mpaka mwisho, alimwacha Mombasa akarudi zake Unguja, jamaa zake wakamkataa, akaenda kwa shoga yake Mwajuma kule Ng'ambo akaanza maisha mengine kabisa, akampenda Denge ambaye Waingereza walikuwa wanamwinda kwa ajili ya siasa zake. Sasa huyo ni dhaifu? Na ndo hapo nikaelewa neno "jadili" linataka nini. Ukiambiwa thibitisha unasimama upande mmoja na kuuleta ushahidi, ila ukiambiwa jadili unatakiwa uuone na upande wa pili, na upande wa pili kwenye desa haupo kwasababu aliyeandika desa alichagua upande mmoja ili wewe ukariri haraka. Mtu yuleyule mmoja anaweza kukupa hoja ya kukubali na hoja ya kukataa. Ila lazima uwe umetembea naye kurasa zote.

Baada ya hapo tulibadilisha kabisa namna ya kupiga msuli. Tamthiliya tukaacha kuzisoma kimyakimya, mana tamthiliya imeandikwa isemwe. Wakati wa prepo, muda wa kujisomea, tunagawana wahusika, kwenye Nguzo Mama mmoja anakuwa Bi Msimulizi, wengine Bi Moja, Bi Pili, mpaka Bi Nane, tunajaribu kuisimamisha ile nguzo ya kijiji cha Patata kwa ufagio wa bweni. Hamuwezi kuamini, swali la fani ambalo siku zote lilikuwa linanitoa jasho likawa jepesi, kwasababu nyimbo na usimulizi nimeuimba mwenyewe, nikiulizwa Penina Muhando ametumiaje vipengele vya fasihi simulizi naisikia ile nguzo ikigoma kusimama kila mmoja akivutia kwake.

Tamthiliya ya Kwenye Ukingo wa Thim ilikuwa ngumu kidogo kwetu, ule ugomvi wa mjane na ukoo wa mume kugombea maiti tuliuona umetiwa chumvi. Ticha akatusimulia kesi ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyefariki Desemba 1986, mjane wake Wambui, Mkikuyu, anataka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa mume, Waluo wa Umira Kager, wanataka mwili urudi kwao, kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufani na akazikwa Nyalgunga kule Siaya Mei 1987. Miezi mitano maiti inagombewa. Ebrahim Hussein akaitoa hiyo Kwenye Ukingo wa Thim 1988. Darasa zima lilinyamaza siku ile. Tokea hapo ile sentensi ya "fasihi ni zao la jamii" tuliyoiandika kwenye madaftari mara mia ikawa na watu ndani yake, na mgogoro wa mila na usasa sikuhitaji tena kuukariri.

Ushairi nitasema kidogo tu, ghani kwa sauti na uhesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, tarbia (mashairi ya mistari minne kila ubeti) nyingi utakuta nane kwa nane, na ukifika kwa mshairi Haji Gora kumbuka alikuwa mzee wa kisiwa cha Tumbatu, mtu wa bahari, kwahiyo upepo na mawimbi yake yasome kwanza kama upepo na mawimbi kabla hujakimbilia kuandika "ametumia taswira".

Desa sio haramu jamani, mi nililirudia mwishoni, wiki mbili kabla ya pepa, kupanga hoja vizuri na kujipima kwa saa, mana masaa matatu ni machache sana kama hujazoea kuandika insha mfululizo. Pasipepa, mitihani ya miaka ya nyuma, pia nilifanya nyingi. Ila wakati huo desa nilikuwa nabishana nalo, napiga mstari, naandika pembeni hapana sio hivi, rudi sura ile. Kiswahili nilitoka na B na nilikuwa naelekea F, na mpaka leo Yasmin namjua kama jirani.

Mdogo wangu nilimpa nakala yangu usikuusiku. Leo asubuhi hajatoka kunywa chai, nikamgongea, akafungua mlango kidogo macho mekundu, kafika pale Yasmin anapofika kwa Mwajuma, nikataka kumwambia kitu akanizuia na mkono, dada tafadhali usiniambie kinachofuata.