Kekeo zumaridi wa Ngurdoto

Hatimaye nimemwona ndege huyu. Tangu nihamie Arusha nilikuwa namsikia tu: miluzi minne, kimya kidogo, kisha minne tena, kutoka juu kabisa ya miti ya Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Dume la kekeo zumaridi hukaa kileleni akirudia wimbo huohuo kwa muda mrefu, na bado macho yanamkosa, kwa sababu mgongo na kifua chake ni kijani kinachometameta na majani yanammeza. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alininong'oneza: "Dada, usitafute kijani. Tafuta njano." Kweli, tumbo lake ndilo lililomfichua, njano kali ajabu kwa ndege wa sentimita 20 hivi. Machozi yalinilengalenga.

Jike hana fahari hiyo. Ana mistari ya kahawia na kijani mgongoni, tumbo jeupe lenye mistari, na anapita kimya. Hajengi kiota, hutaga katika kiota cha ndege mwingine, kisha huyo, ameondoka. Kusini mwa Afrika, mmoja wa wanaolelea watoto wake ni ndege mdogo wa vichakani anayeshona majani kwa utando wa buibui, karibu kabisa na ardhi. Kinda wa kekeo akianguliwa, angali uchi na hajafumbua macho, huyabeba mayai ya mwenyeji mgongoni na kuyasukuma nje. Yule mshonaji hubaki akimlisha mgeni anayemzidi ukubwa.

Inaniuma, sikatai. Lakini siwezi kumwita mwizi, kama wengine wanavyosema. Tipitipi wetu wa mashambani ni wa ukoo huohuo na hulea wanawe mwenyewe. Huyu ameumbwa hivi. Tena hula viwavi, hata wale wenye manyoya yanayowasha ambao ndege wengi huwakwepa.

Ninachokiwaza tangu nirudi ni vile vichaka vya chini. Nje ya hifadhi, watu wakisema wamesafisha msitu, mara nyingi maana yake wamefyeka vichaka na kuacha miti mikubwa, na kwa macho panaonekana pazuri, pana kivuli. Dume bado atapata tawi la kuimbia. Jike atataga wapi, ikiwa wale wadogo wanaomjengea viota wamekosa pa kushonea?