Kanzu Ndogo ya Hana na Baridi ya Julai

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni 1 Samweli 2:12–21. Naomba msome mistari yote kumi kabla ya kuendelea, kwa sababu tumezoea kuiruka tukikimbilia sura ya tatu, pale mtoto Samweli anapoitwa na Bwana usiku.

Habari za Hana tunazijua. Tumehubiriwa machozi yake ya kukosa mtoto, nadhiri yake ya kumtoa kwa Bwana mtoto atakayepewa, na jinsi kuhani Eli alivyomdhania kuwa amelewa. Wimbo wake tunausoma kila mara. Lakini mstari wa 19 hupita kimya. Unasema kwamba mama yake Samweli alikuwa akimfanyia mtoto kanzu ndogo na kumletea mwaka kwa mwaka, alipokwea pamoja na mumewe kutoa dhabihu. Ni sentensi moja tu, na baada yake habari inaendelea.

Hebu tukae hapo kidogo. Hana alikuwa mtu wa milimani kama sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Walitoka nchi ya vilima ya Efraimu, na huko baridi inapofika huuma, hata theluji huanguka miaka mingine. Mtoto amemwacha kwa Eli huko Shilo, penye nyumba ya Bwana, na wanaonana mara moja kwa mwaka. Sasa kanzu ya mwaka huu ataikata kwa kipimo gani? Ile ya mwaka jana imeshambana. Kila mwenye mtoto shule ya bweni anaijua hesabu hiyo: unamwangalia mtoto wa jirani wa rika lake, unaongeza vidole viwili kwenye mikono, unakunja pindo pana ili lije lifunguliwe. Huwezi kuifanya kazi hiyo bila kumfikiria mtoto mwili mzima, mabega yake, shingo yake, urefu wa mkono wake. Mimi naamini kila mshono wa kanzu ile ulikuwa ombi, hata kama safari hii midomo ya Hana haikutikisika.

Sasa tazameni kilichoandikwa juu ya mstari huo. Ni habari za wana wa Eli, Hofni na Finehasi. Watu wanaleta dhabihu, nyama inachemka, mtumishi wa kuhani anakuja na uma wa meno matatu, anautumbukiza chunguni, na chochote kitakachoinuka na uma huo ni cha kuhani. Wengine hata kuchemka hawakungoja. Walitaka nyama mbichi, na ukikataa waliichukua kwa nguvu. Biblia inasema dhambi ya vijana hao ilikuwa kubwa sana mbele za Bwana. Halafu, bila kuvuta pumzi, inatuletea kanzu ndogo. Nyumba ni moja. Mkono mmoja umeingia chunguni kuchota, mwingine umetoka mbali umebeba nguo ya mtoto. Wenye uma walikuwa na cheo na ukoo, Hana hakuwa na cheo chochote. Nikiulizwa ni nani aliyekuwa akiitunza nyumba ya Mungu pale Shilo miaka ile, nitamtaja yeye.

Nimelileta neno hili sasa kwa sababu tuko katikati ya kipupwe. Mnaotusoma mkiwa Dar es Salaam au Pwani huenda mnaona tunatia chumvi, lakini mwenye kulala Njombe, Mafinga au Uyole mwezi huu anajua. Asubuhi watoto wanakwenda shule mvuke ukiwatoka midomoni, mashavu yamepauka, midomo imepasuka, mafuta ya mgando yamekuwa magumu koponi. Kule Kitulo, uwanda ambao watu wa huku wanauita Bustani ya Mungu na ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, maua yanayowavuta wageni huchanua wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi zimekauka, na alfajiri nyingine jalidi imezipaka weupe. Bado ni bustani ya Mungu.

Katika majira haya kazi za shamba zimepungua, mahindi yameingia ghalani, na jioni ni ndefu. Ndipo sindano zinapotoka. Kuna bibi mmoja upande wa Makete niliyemkuta akifumua sweta la mtumba, na nilikaa nikimwangalia hadi nikasahau nilichofuata. Alianza kwenye mshono wa ubavuni, akakata uzi mmoja kwa wembe, akavuta taratibu hadi vipande vinne vikaachana: mbele, mgongo na mikono miwili. Kisha akatafuta ncha juu ya shingo, na uzi ukaanza kumwagika wenyewe, umejikunjakunja kama tambi. Aliuzungushia mgongo wa kiti, akaufunga sehemu tatu usije ukachanganyika, akauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, akautundika kwenye kamba ya nguo na jiwe dogo chini ili mikunjo inyooke. Kesho yake ungekuwa uzi mpya wa kufumia. Sweta lile la mtu mzima lingetoa la mtoto wa darasa la tatu na kofia juu yake.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu. Ninyi mnaoifahamu Makete mnajua kwa nini bibi wengi wa huko wamelea wajukuu. UKIMWI ulipita katika wilaya ile ukachukua kizazi kizima cha wazazi, na walioachwa na watoto mikononi ni wazee. Bibi hawa hawakupata nafasi ya kuomboleza kwa utulivu. Walitakiwa wapike uji asubuhi iliyofuata. Ninaposoma habari za Hana akipima kanzu kwa macho ya moyo, nyuso zao ndizo zinazonijia.

Iringa nako akina mama wanasuka vikapu vya milulu, majani marefu yanayoota mabondeni penye maji. Hukatwa, hukaushwa juani, kisha husukwa kwa kubana sana hadi kikapu kinasimama chenyewe. Hapo hapo Iringa mjini kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kutengeneza karatasi kwa mikono. Ilianza na vijana viziwi wachache, watu ambao wengi wetu tungewapita barabarani tukidhani hawawezi kitu. Dorkasi wa Yafa, yule wa Matendo sura ya tisa aliyewashonea wajane nguo, mnamjua, sina haja ya kurudia habari zake.

Nihamie jikoni, maana chungu kimetajwa Shilo na chungu kipo kwetu. Chakula cha baridi hii ni makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage vinalala majini usiku, asubuhi vinapanda mafigani, na huku Mufindi moto wake mara nyingi ni wa mabanzi ya mipaini. Kitunguu, nyanya, karoti na njegere huja mwishoni, na wenye maziwa huongeza maziwa au karanga. Makande hayana haraka, na huku nyanda za juu yanachelewa zaidi kuliko kwingine. Sababu yake ni hewa. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kitulo ni kama mita 2,600. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Pale Kitulo yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 91 hivi. Yakishafika hapo, hata uongeze kuni za namna gani, joto la maji halipandi tena, yanabubujika tu. Ndiyo maana maharage yanayoiva upesi Dar es Salaam huku yanatafuna kuni hadi jioni. Funika chungu vizuri, weka jiwe juu ya kifuniko, na maji ya kuongeza yawe ya moto.

Ucheleweshaji huo mimi nauona kuwa neema. Chungu kikiwa motoni saa nne au tano, hakuna anayekaa chumbani peke yake. Mtoto anakuja na daftari lake, babu anavuta kigoda, jirani anapita kuazima chumvi na haondoki tena. Viazi mviringo vinafukiwa kwenye majivu, vikitoka vinamenywa vikiwa moto hadi vidole vinaruka. Mambo mengi ambayo watoto wangu wameniambia, hata yale magumu, wameyasema wakiangalia moto na siyo wakiniangalia mimi.

Lakini tusikilizane hapa, hasa sisi akina baba na sisi wenye vyeo kanisani. Uma wa meno matatu haukuishia Shilo. Katika nyumba nyingi zetu, aliyepuliza moto na kuvuta moshi tangu asubuhi ndiye anayekwangua chungu mwishoni. Mgeni wa heshima akifika usharikani, kuku anajulikana vipande vyake vinakwenda wapi. Mtu hawezi kuhubiri juu ya Hana Jumapili na Jumatatu akaishi kama Finehasi mezani kwake. Juma hili, katika baridi hii, sahani ya kwanza iende kwa aliyepika. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Wapo wapendwa wanaodhani kwamba kufurahia vitu vidogo ni kupungukiwa kiroho. Anayekunywa chai ya tangawizi taratibu, anayeota jua ukutani saa nne asubuhi, anayefuma kitambaa cha meza kwa sababu tu rangi zinapendeza, wanamwona kama mtu anayepoteza muda wa maombi. Sikubaliani nao. Kitabu cha Mhubiri kinasema, “Enenda zako, ule chakula chako kwa furaha.” Majani ya chai yanachumwa hapa hapa kwetu, Rungwe na Mufindi, maziwa yanatoka kwa ng’ombe wa jirani, jua la asubuhi halina bei. Mtu anayevipokea hivyo na kushukuru ameabudu. Na nyumba yenye furaha ndogo kama hizo ni nyumba ambayo mtoto hatamani kuikimbia.

Kuna neno moja lazima niliseme hata kama linakatisha mtiririko. Usilale na jiko la mkaa ndani. Kila mwaka baridi inapokolea tunasikia msiba wa namna hii, familia imefunga mlango na madirisha, imeziba hata nafasi chini ya mlango kwa gunia, jiko liko katikati ya chumba, na asubuhi hawaamki. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu hupitiwa na usingizi bila kujua kwamba anakufa. Kutokuwepo kwa moshi hakumaanishi kwamba pako salama. Ota moto jikoni au barazani, kisha jiko libaki nje na wewe uingie kulala. Mwambie mpangaji mwenzako, mwambie kijana aliyetoka mikoa ya joto kuja chuo Mbeya au Iringa, maana yeye hajui.

Na hili la mwisho ni la Yakobo, sura ya pili. Anauliza: ikiwa ndugu yu uchi na amepungukiwa na riziki, na mmoja wenu akamwambia, “Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba,” asimpe mahitaji ya mwili, yafaa nini? Nikilisoma swali hilo mwezi huu, kando ya jiko, nashindwa kulikwepa. Tunaagana hivyo kila Jumapili mlangoni pa kanisa: ubarikiwe, mpendwa, usiku mwema. Tunamwambia mlinzi wa usiku aliyejifunga khanga shingoni. Tunamwambia kijana wa bodaboda anayelala stendi akingoja basi la alfajiri kutoka Tunduma.

Basi nawaomba jambo dogo. Fungueni makabati. Sweta lisilovaliwa likabidhiwe kwa akina mama wa ushirika walifumue, na mwenye mabaki ya uzi, hata kama ni kipande cha kushonea vifungo, asiyatupe. Anayejua kufuma amfundishe binti mmoja, na mvulana pia, sindano hazibagui. Mpime mtoto mmoja asiye wako, kwa macho, kama Hana. Na chungu cha makande kikiiva, bakuli moja livuke ua kabla wenyeji hawajaanza kula.

Tuombe.

Bwana wetu, uliiona kanzu ndogo iliyopelekwa Shilo, ukaona ni vema iandikwe. Waone na bibi zetu wa Makete na macho yao yanayochoka kwa sindano. Wape joto wanaolala stendi na wagonjwa walio wodini usiku huu. Ondoa uma mikononi mwetu, tulioshika vyeo katika nyumba yako. Zilinde nyumba zetu na mkaa. Ubariki chungu, na mikono iliyokipandisha motoni, na jirani atakayepelekewa bakuli. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.