Siku moja na joto la Lubumbashi: setilaiti inapita saa nne

Leo ni siku ya Landsat, setilaiti inayopima joto la ardhi kutoka juu, kwa hiyo kila kitu kinapangwa kufuata saa nne asubuhi. Niko asistanti chuoni hapa Lubumbashi, nachunguza joto la mji kwa kutumia picha za setilaiti, na huu mwezi wa kumi ndio wenyewe kabisa, mvua haijashika, jua linachoma, watu wanalalamika kila kona.

Saa 12 asubuhi

Kabla ya chai naangalia mbingu. Kamera ya joto haioni kupitia mawingu, wingu moja likikaa juu ya Kenya (komini, yaani wilaya ya mji wetu, si ile nchi) wakati ule ule setilaiti inapita basi mtaa huo tumeukosa, tungoje siku 8. Landsat 8 iko juu tangu 2013, Landsat 9 tangu 2021, kila moja inarudi hapa baada ya siku 16 na zimepishana katikati. Leo kweupe, namshukuru Mungu, nafunga mfuko.

Saa 2

Basi hadi Kenya. Nikipita katikati ya mji jakaranda zimechanua, barabara ina kivuli, halafu unaingia Kenya miti inakwisha, ni bati linagusana na bati, hapa na pale mwembe mmoja umebaki kwenye parseli, yaani kiwanja cha mtu. Miembe inakatwa kila mwaka ili wajenge vyumba vya kupangisha, na simlaumu mwenye parseli maana kodi ndiyo inasomesha watoto, lakini roho inaniuma.

Saa 4

Hapa ndipo kazi. Setilaiti iko kilomita 705 juu, huioni wala huisikii, sisi chini tunazunguka na vipimajoto vya infraredi tunapima vitu vile vile inavyopima yenyewe: paa, udongo, lami, majani ya mwembe. Shida kubwa ni bati. Bati jipya linalong'aa halitoi mionzi ya joto kama vitu vingine, linarudisha mionzi ya mbingu, kwa hiyo ukilielekezea kipimajoto linaonekana la baridi na ukiweka mkono unaungua. Setilaiti nayo inadanganywa hivyo hivyo! Majani ya mti emisiviti yake, yaani uwezo wa kutoa mionzi ya joto, iko karibu na 0.98, bati jipya iko chini kabisa, 0.3 au hata pungufu, halafu bati likishapata kutu inapanda. Dawa yake hapa chini ni rahisi, unabandika kipande cha skochi (utepe wa kunata) nyeusi ya fundi umeme juu ya bati, unangoja lipate joto la bati, unapima ile skochi. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo ninayoitafuta, kwa sababu ramani isiyosahihishwa inaweza kuonyesha mtaa wa mabati mapya kuwa na nafuu, mtu akaamua kupanda miti kwingine.

Mama mwenye parseli, aliyetuachia ngazi yake, ametuangalia muda mrefu halafu akaniuliza.

"Mutoto yangu, hii mashini inapima nini?"

"Joto la bati, mama."

"Basi ukuye busiku. Muchana tuko inje, busiku njo tunaumia."

Nimemwambia nitarudi leo leo. Hilo alilosema ndilo linanikosesha usingizi katika kazi hii: Landsat inapima ngozi ya mji, tena saa nne asubuhi, haipimi hewa anayovuta mtu aliyelala.

Saa 7

Bukari (ugali) na lengalenga (mchicha) karibu na chuo. Haraka haraka.

Saa 8 mpaka saa 11

Picha ya leo bado, ile iliyokwisha geuzwa kuwa joto la uso wa ardhi inachukua siku kadhaa kutoka, kwa hiyo nafanya za nyuma. Picha ni bure tangu 2008, bila hivyo mtu kama mimi asingeanza hata siku moja. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ni namba tu, unazidisha kwa 0.00341802, unajumlisha 149, unapata Kelvin, unatoa 273.15 unapata Selsiasi. Faili linaonyesha pikseli za mita 30 lakini usiamini sana, kamera yenyewe inapima mita 100, yaani hekta nzima, parseli nyingi na njia zake zote zimechanganywa kuwa namba moja.

Kitu kinachowashangaza wanafunzi: mwisho wa kiangazi, mchana, mji hauwi lazima wa moto kuliko pori. Nje ya mji nyasi zimeungua, udongo uko wazi na mweusi, unachemka, wakati mitaa ya zamani yenye miti mikubwa iko ya baridi. Na miombo iliyobaki, ile ambayo haijawa makala (makaa) bado, inatoa majani mapya kabla hata ya mvua, kwenye ramani inaonekana ya baridi katikati ya wekundu. Halafu kuna ule ukanda wa kaskazini-magharibi ya kiwanda cha zamani cha shaba, upande moshi ulikuwa unapelekwa na upepo tangu 1911. Metali zimejaa kwenye udongo, sehemu nyingi hapaoti kitu, na udongo usio na mmea jua linaukaanga. Kwa hiyo ukiniuliza mji unazidi pori kwa digrii ngapi nitakuuliza kwanza pori lipi, mwezi gani, saa ngapi.

Saa 2 usiku

Nimerudi Kenya. Sasa hivi bati limeshapoa, ni jembamba, halitunzi joto, ila ukuta wa matofali ukigusa bado una joto la mchana na unalimwagia chumbani, dirisha dogo limefungwa kwa ajili ya mbu na wezi. Tumetundika vipimajoto vidogo vinavyoandika vyenyewe, kimoja chumbani, kimoja nje chini ya mwembe wa jirani. Kuna picha za setilaiti mbili za zamani, Terra na Aqua: kwa miaka mingi Terra ilikuwa inapita kama saa nne na nusu usiku, Aqua saa saba na nusu, zote zilipima joto la usiku ila pikseli yao ni kilomita nzima, komini hii inatoka pikseli chache tu. ECOSTRESS, kamera ya joto iliyofungwa kwenye kituo cha anga tangu 2018, inaona mita 70 hivi na mara nyingine inapita usiku, nazikusanya picha zake moja moja.

Mama amekileta kiti, anataka kuona namba ya chumba chake na ya chini ya mwembe. Tukimaliza wiki nitamletea zote mbili kwenye karatasi, ni za nyumba yake. Sasa hivi tunakosa vyumba vyenye dari, hapa karibu vyote viko wazi mpaka kwenye bati. Kama uko Kenya au Katuba, una chumba chenye dari, hata ya mkeka, na utakubali tutundike kipimajoto wiki moja, niambie kabla ya mvua.