Nafasi tupu mbili si pacha

Wiki nzima hapa Uyole, kwenye baridi hii ya Juni, nimehangaika na kanzidata ya wakulima wa viazi. Faharasa ya kipekee, yaani kanuni inayozuia rekodi kujirudia, ilikuwepo: namba ya mkulima pamoja na namba ya shamba. Kumbe mkulima ambaye shamba lake halijajazwa ameingia mara tatu, na mbolea yake imehesabiwa mara tatu!

PostgreSQL, programu ya kanzidata ninayotumia, kama mwenzake MySQL, huchukulia thamani tupu (NULL) kuwa kitu kisichojulikana, na visivyojulikana viwili havihesabiwi kuwa sawa. SQL Server, programu nyingine ya aina hiyo, kwenye faharasa ya kipekee huziona thamani tupu kuwa sawa. Mimi bado naona PostgreSQL ina hoja. Wazee wawili wasio na simu hawatumii namba moja.

Tangu toleo la 15 la PostgreSQL, mwaka 2022, unaweza kuchagua thamani tupu zihesabiwe sawa kwa kuandika NULLS NOT DISTINCT. Nimeiweka jana usiku, baada ya kufuta marudio moja moja.